Haki ya Rafiki Aliyefariki

Rafiki mpendwa anapofariki, nyumba yake hujaa watu siku tatu, kisha hodi haisikiki tena mlangoni pake. Machozi si dhambi, Mtume Muhammad (s.a.w.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu. Lakini machozi hukauka upesi, na mapenzi ya kweli hudai zaidi.

Bibi Khadija (r.a.) alifariki Makka yapata mwaka 619, kama miaka mitatu kabla ya Hijra. Hata baada ya miaka mingi, Mtume alipochinja kondoo aliamuru nyama ipelekwe kwa wanawake waliokuwa rafiki zake marehemu. Bibi Aisha (r.a.) alikiri kwamba hakumwonea wivu mke mwenziwe yeyote kama alivyomwonea huyo aliyekwisha kufa.

Naye Abdullah bin Umar (r.a.), akiwa njiani kwenda Makka, alikutana na bedui, akampa punda wake na kilemba chake. Wenzake wakastaajabu, wakisema mabedui huridhika na kidogo. Akawajibu kuwa baba wa mtu huyo alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba Mtume alifundisha kuwa wema ulio bora ni mtu kuwaunga wapenzi wa baba yake.

Basi tujiulize: mjane wa rafiki yetu anakula nini? Deni la marehemu nani amelilipa? Watoto wake wanasoma? Tumwombee maghfira, kisha twende tukabishe hodi. Mwenyezi Mungu atujalie uaminifu huo. Amin.