Kiapo cha Mwenye Cheo

Katika darasa letu hapa Port Reitz, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja mwenye kazi serikalini alituuliza: Mtumishi akiona sheria yapingana na itikadi yake, je, yamfalia kuivunja naye amekalia kiti kile kile?

Twajibu kwa yaliyotokea. Februari 2004, Gavin Newsom, meya wa San Francisco huko Marekani, aliamuru makarani watoe hati za ndoa kwa wanaume wawili au wanawake wawili, na sheria ya jimbo la California wakati ule yakataza. Kabla ya kutimia mwezi, jozi zipatazo 4,000 zilikwisha pewa hati. Agosti mwaka ule Mahakama ya Juu ya jimbo ikazibatilisha zote. Haikuhukumu kwamba ndoa hizo ni njema au mbaya. Ilisema meya hana mamlaka ya kuitangua sheria kwa rai yake.

Sisi twaitakidi kuwa nikaha ni ya mume na mke. Wengi darasani walimlaumu meya. Lakini alipotajwa Kim Davis, karani wa Kentucky aliyekataa mwaka 2015 kutoa hati kama hizo hali mahakama imekwisha mwamuru, akafungwa siku 5, wale wale walimsifu! Surat al-Maida yatuamuru kutimiza ahadi, wala haikubagua ahadi tuipendayo na tuichukiayo. Ambaye moyo wake hauridhiki na ajiuzulu, auache na mshahara. Mshahara ndio mzito, twajua.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 yataja haki ya kuoana na mtu wa jinsia nyingine, basi mtihani wa makarani wale haujatufikia. Uliotufikia ni wa Mtwapa, Februari 2010. Ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wataoana. Viongozi wa dini, wa misikiti na wa makanisa, wakapaza sauti. Umati ukaishambulia zahanati, watu wakapigwa. Nani aliyeiona harusi hiyo? Surat al-Hujurat yatutaka tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Tumlaumuje meya kwa kujichukulia sheria mkononi, nasi hatukungoja hata kadhi wala polisi?

Kijana akauliza tena: Na aliyepiga siku ile, akitubu? Tukamjibu kuwa ile ni haki ya mja. Amtafute aliyempiga, amwombe radhi.