Mguu Ulisema, Ukanyamazishwa

Mwalimu wa kisa hiki hatutamtaja jina, maana wa aina yake ni wengi, kuanzia Lurambi hadi Shinyalu. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, umri wake miaka 56, mwembamba, hanywi wala havuti. Saa kumi na moja alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kunguruma mjini Kakamega, yeye yuko barabarani. Katika mbio za mitaani, kundi la waliotimiza miaka 50, wenzake wamezoea kuuona mgongo wake.

Mwaka mmoja alitaka kubwa zaidi: marathoni ya Nairobi, kilomita 42.195, na ushindi wa rika lake. Tamaa hiyo haikuwa na ubaya. Ubaya uliingia pale alipoamua kufanya mazoezi ya vijana ili awashinde wazee.

Jumanne alikuwa uwanjani Bukhungu, akizunguka kwa kasi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Alhamisi, vivyo hivyo. Jumapili alishika barabara ya Kisumu, akapita Khayega, akageuka na kurudi: kilomita 30. Vijana walimshangilia, naye akaona fahari, kwa kuwa pumzi haikumwangusha hata siku moja.

Hapo ndipo penye mtego. Moyo na mapafu ya mtu aliyekimbia miaka mingi hupungua nguvu polepole, kiasi kwamba anaweza kuandamana na kijana wa miaka 22 na asiachwe mbali. Kano na misuli zina hesabu nyingine. Kano ya kisigino hupata damu kidogo, na umri ukisogea huwa ngumu na hujitengeneza taratibu. Mipasuko midogo ya Jumanne, ambayo kwa kijana imepona kufikia Alhamisi, kwa mtu wa miaka 56 bado mibichi. Akiirudia kasi juu yake, anachimba palepale. Pumzi husema twende wakati mguu unasema ngoja, na mkimbiaji hodari huisikiliza pumzi.

Mwezi wa pili wa mazoezi hayo mguu ulianza kusema. Kila akiamka, kisigino kilikuwa kimekakamaa, akashuka kitandani akichechemea. Akikimbia kilomita mbili maumivu yanapotea, naye akaamini yamekwisha. Mkewe hakuamini.

"Baba watoto, hata fahali wa Khayega, mwenyewe hamtoi kupigana kila Jumamosi," alimwambia.

Mwalimu alicheka, akaenda kwa mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni tabibu. Kijana alikibonyeza kisigino, akakuta uvimbe.

"Mwalimu, samahani, lakini kano hii imeanza kuharibika. Tuipumzishe sasa, mwakani utakimbia."

"Kijana wangu, mimi nilianza kukimbia wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana nakuomba."

Wahenga walituachia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mdogo hawakumtaja, ila hapa guu lililokuwa hatarini lilikuwa la mkuu mwenyewe. Alipotoka kwa tabibu alipitia duka la dawa, akanunua diklofenaki. Wiki tatu alikimbia kwa vidonge. Kisigino kilinyamaza, naye akakichukulia kuwa kimepona.

Siku ya mbio, Jumapili moja ya Oktoba, alimeza viwili kabla ya kuanza na kimoja njiani. Jua lilipopanda juu ya Southern Bypass alivipita vituo vya maji bila kusimama, asipoteze sekunde. Kufikia kilomita ya 32 alikuwa amewaacha wa rika lake wote aliowaona. Kisha akasikia kishindo nyuma ya mguu, kana kwamba mtu amempiga teke. Akageuka, hapakuwa na mtu.

Hata hapo hakuacha. Alimaliza kwa kuchechemea, akavishwa medali. Usiku mkojo ulitoka kidogo, rangi ya chai ya rangi. Kesho yake ukakauka kabisa, akaanza kutapika, akakimbizwa hospitali. Figo zilikuwa zimesimama. Siku nyingi za dripu zilimrudisha, na madaktari wakamwambia ana bahati: wengine huishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Kilichompata kina maelezo. Katika mbio ndefu damu hukimbilia miguuni na kwenye ngozi, maji hutoka kwa jasho, na figo hubaki na mgao mdogo. Mwili hujitetea kwa kutoa kemikali zinazoiacha wazi mishipa ya figo. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hutuliza maumivu kwa kuzizuia kemikali hizohizo. Nayo misuli iliyochoka ikivunjika humwaga protini yake kwenye damu, ikaziba figo ambazo tayari zina kiu. Mwenye kutumia dawa za presha yuko hatarini zaidi, maana baadhi yake huungana na hizi kuzielemea figo.

Asidhani mtu kwamba funzo ni wazee wakae nyumbani. Kenneth Mungara, kinyozi Mkenya aliyeingia mbioni akiwa ameshapita miaka 30, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, mwaka 2015 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42. Alikuwa na miaka 41. Umri haukumkataza kushindana.

Wala kusimama si aibu. Agosti 10, 2024, jijini Paris, Eliud Kipchoge, bingwa mara mbili wa marathoni ya Olimpiki, alikuwa akitafuta ushindi wa tatu. Alikuwa na miaka 39. Mgongo ulimuuma, akapita kilomita 30, akasimama, akawapa mashabiki viatu vyake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutomaliza marathoni. Aprili 2025 alikuwa London, akamaliza wa sita kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 25. Angeulazimisha mgongo ule Paris, huenda London asingeiona.

Basi aliyevuka miaka 50 na bado ana hamu ya kombe, na ashike haya. Siku moja ya kasi kwa wiki yatosha, na baada yake siku mbili au tatu za kukimbia polepole au kupumzika. Apime presha, sukari na figo kabla ya kuanza maandalizi. Maumivu yanayobadilisha hatua ni amri ya kusimama, na maumivu ya kifua ni amri ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Anywe maji kila akisikia kiu.

Na usiku wa kuamkia mbio ajiulize swali moja: bila kidonge, kesho ningekimbia? Jibu likiwa hapana, ile nambari ya kifuani asiibandike.