Tukishajua, mtoto ni wa nani?



Hapa Kibombo mtoto akililia mifupa usiku, macho manjano, tunauliza: nani amemroga? Na kidole kinaelekea kwa mama. Hata sisi mashemasi tumekinyosha. Lakini kipimo cha damu kikitoa SS, maana yake mtoto amepokea S moja kwa baba, S moja kwa mama, nao wenyewe ni wazima. Kwa kila mimba yao hatari ni moja kwa nne. Basi baba anayemfukuza mke anamfukuza kwa jambo ambalo nusu ni lake.

Wengine husema: tumekwisha kumwombea, hospitali ya nini? Maombi hayakatazi maji mengi, asidi foliki, chanjo wala chandarua. Yesu naye, alipoulizwa juu ya yule kipofu, hakumlaumu mzazi.

Tangu 2008 Umoja wa Mataifa umeuwekea ugonjwa huu siku, 19 Juni. Vema, lakini mtoto haumwi siku moja.

Kabla ya kipimo tulikuwa na udhuru wa kutojua. Sasa karatasi iko mezani, na njia ya Kindu ni ndefu: nani atalipa nauli, nani atalala na wadogo, nani atatoa damu? Jumapili tulifungua sanduku la mabati ya kanisa tukabishana mpaka giza. Mama yule alikuwa nje, amempakata mtoto, anangoja.