Sanduku na Wimbo

Je, ni vema mtu kutumia jioni zake kujiundia spika za kusikilizia santuri? Kazi yenyewe si upuzi. Spika tupu hutoa sauti mbele na nyuma. Ile ya nyuma huifuta ya mbele, hasa sauti nzito, hata ngoma ikalia kama debe. Ndiyo maana fundi huitia sandukuni, akapima mbao na kuziba nyufa. Mikono na akili hupata mazoezi mema.

Lakini shabaha ni nini? Mwaka 1954, Gilbert Briggs, mtengeneza spika wa Uingereza, alikusanya watu katika Royal Festival Hall, London, wakawasikia wapigaji wenyewe na sauti zao katika spika. Kipimo kilikuwa mwanadamu apigaye muziki, wala si mbao. Asiyekumbuka hayo hubadili sanduku kila mwezi, husikiliza mngurumo tu, na watoto huamriwa kunyamaza. Huyo amekuwa mtumwa wa chombo chake.

Basi, ewe fundi, leo weka bisibisi kando. Waite watu wa nyumbani mwako, upige santuri moja mpaka mwisho. Mkisahau kwamba spika ipo, jua umeiunda vema.