Ujana Hulipiwa na Nani

Ujana ni moshi, walisema wahenga, ukienda haurudi. Faust hakukubali. Katika tamthilia ya Goethe iliyochapishwa mwaka 1808, msomi huyu, mtoto wa mwanaalkemia, anapatana na shetani, anakunywa dawa ya mchawi, anavuliwa uzee, kisha anampata binti aitwaye Gretchen. Anayeulipia ujana ule ni binti. Mama yake anakufa, kaka yake anauawa, kichanga chake anakizamisha majini kwa mikono yake, na mwisho yumo gerezani akingoja kuuawa.

Wanyakyusa wa bonde la Kyela waliijua hatari hiyo ya mzee kujitafutia ujana kwa gharama ya vijana, wala hawakuiachia dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi nao miaka ya 1930, aliandika jinsi mtoto wa kiume, akifika miaka kumi au kumi na moja, alivyoondoka kwa baba yake akajenga kijiji na wa rika lake. Chakula aliendelea kula kwa mama, lakini kulala, hapana. Mke wa mwana naye alijificha ili baba wa mumewe asimwone. Sababu haikuwa adabu tu. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, na mzee mwenye zizi aliweza kuoa binti mbichi huku mwanawe akisubiri miaka. Siwapambi wazee wetu: tamaa ilikuwepo, na mabinti waliozwa kwa wanaume waliolingana na baba zao. Vijiji vya rika viliwatenga vijana na wake hao wa baba zao. Tamaa yenyewe havikuiondoa.

Kubwa zaidi ni ubusoka, sherehe ya kukabidhi utawala kwa kizazi kipya. Watoto wa malafyale, yaani chifu, walipokomaa, wana wawili wa wake zake wakuu walitawazwa na nchi ikagawanywa kati yao. Mioto ya zamani ilizimwa, ukapekechwa moto mpya, kila mama akauchukua kwa jiko lake. Wazee walisogea pembeni, wakawaachia vijana ardhi nzuri, na malafyale mzee alitarajiwa kufa muda si mrefu. Ng'ambo ya mto Songwe, Kyungu, mtawala wa Ngonde, akiugua, wakuu wake walimziba pumzi. Ukatili huo siutetei. Ninachokitetea ni kwamba kukabidhi kulikuwa na siku yake, nchi nzima ikishuhudia, na mzee hakutarajiwa kuiahirisha mpaka apende.

Leo vijiji vya rika havipo, na bonde kati ya milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa halipanuki. Mashamba ya mpunga na kakao yana majina ya baba. Kijana wa Ipinda au Matema anayetaka kuoa anaomba kipande, anaambiwa asubiri, naye anapanda basi kwenda Mbeya au Dar es Salaam. Baba zangu wa Kyela, wenye nguvu na wenye hati, mwiteni mwanenu msimu huu kabla ya kupanda mpunga, mpimieni sehemu yake mbele ya ndugu, na dada zake nao muwapimie.