Heshima kwa Leta, Zamiri kwa Mungu



Kati ya amri ambazo kila mwamini wa Kanisa letu anafundishwa tangu utoto, kuna hii: kuheshimu wakubwa wa Leta na kulipa kodi (Waroma 13:1-7). Tunaifundisha pamoja na kuacha pombe, tumbako na fetishi, na kupenda hata adui. Lakini Kanisa hili lenye kufundisha utii, mtumwa aliyelianzisha alihukumiwa na Leta kama mwasi. Mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kutuuliza: «Papa Simon Kimbangu alivunja amri hii?» Tunapashwa kuwa na jibu.

Ulizo hili linatuhusu sisi wenyewe. Inchi yetu ilichagua wakubwa wake katika 2006, 2011, 2018 na 2023, na kila mara watu wa politiki walikumbuka njia ya kanisa. Mwamini anapashwa kujua kutii ni nini, na utii unafika wapi.

1. Mambo ya 1921

Tarehe 6 Aprili 1921, Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba. Aliombea wagonjwa, akafundisha watu kuacha fetishi, mume kuwa na mke mmoja, na kuacha ngoma za haya. Hakuunda chama, hakugawa silaha. Lakini watu waliacha kazi kwa wingi ili kwenda Nkamba, na watawala wa Ubelgiji waliogopa. Katika mwezi wa Juni askari walikuja kumkamata, akawaponyoka, akaendelea kuhubiri kwa siri. Kisha, katika mwezi wa Septemba, alirudi Nkamba kwa mapenzi yake mwenyewe, na hapo wakamkamata.

Tarehe 3 Oktoba 1921, baraza la hukumu la kijeshi kule Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, lilimhukumu kufa na kupigwa fimbo 120. Hakuwa na avoka wa kumtetea. Mfalme Albert I aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Walimpeleka mbali na kwao, katika gereza la Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu. Alikufa kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951, kisha miaka makumi tatu.

Tuangalie vizuri. Alikuwa na watu maelfu nyuma yake. Angesema neno moja, damu ingemwangika. Hakulisema. Hapo aliheshimu mamlaka. Lakini walipotaka aache kazi ambayo Yesu alimpa, hapo hakutii. Alikubali malipizi bila kulipiza, wala hakuita uongo kuwa ukweli ili apate kutoka. Mitume nao walifanya vile mbele ya baraza la Yerusalemu (Matendo 5:27-42): walipigwa, wakatoka na furaha, wakaendelea kufundisha.

2. Mikaya na manabii mia ine

Katika 1 Wafalme 22 tunasoma kwamba mfalme Ahabu alitaka kwenda vitani. Aliita manabii karibu mia ine, na wote walimwambia jambo ambalo alitaka kusikia. Kulibaki mmoja, Mikaya. Mjumbe aliyetumwa kumwita alimshauri aseme sawa na wengine. Mikaya akasema tu neno ambalo Bwana alimpa. Walimpiga kofi, wakamtia gerezani kwa mkate kidogo na maji kidogo.

Sasa, ni nani aliyemheshimu mfalme? Wale mia ine walimsifu, na sifa zao zilimpeleka kufa. Mikaya ndiye aliyetaka mfalme abaki hai. Hakuchukua upanga juu yake, hakumkimbia. Kumbe kumwambia mkubwa ukweli si kumdharau. Kumwacha aanguke katika shimo huku tunampigia makofi, hiyo ndiyo zarau.

Wazee wetu walifuata njia hii. Wakati Papa alipokuwa gerezani, Mama Muilu Marie alichunga kundi kwa siri, na jamaa nyingi zilihamishwa mbali na vijiji vyao. Katikati ya miaka ya 1950, mamia ya waamini waliandikia gavana mkubwa wa koloni barua yenye majina yao. Walimwambia hivi, kwa maneno yetu: acheni kututesa, ao mutukamate sisi wote pamoja. Hawakuchoma nyumba ya mtu. Lakini pia hawakunyamaza. Tarehe 24 Desemba 1959 Leta ilitambua Kanisa.

3. Jaribu la zawadi

Wengine watasema: «Mambo hayo yalikuwa ya Wabelgiji. Leo Leta inatupenda.» Ni kweli, na tunashukuru. Kisha sheria ya tarehe 31 Desemba 1971, Kanisa letu lilikuwa kati ya machache yaliyotambuliwa. Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko kwa inchi nzima.

Lakini zawadi nayo ni jaribu, na pengine inashinda gereza kwa nguvu. Wakati wa chama kimoja, makanisa mengi yalizoea kusifu kiti, na waliotuangalia walisema kwamba sisi pia tulikuwa karibu nacho sana. Tusikatae kusikia neno hilo. Mtu aliyefungwa anajua kwamba amefungwa. Mtu aliyepewa zawadi anaweza kufungwa bila kujua.

Tunaona mambo haya siku za nsinsani. Mtu wa politiki anafika na gari na wapiga picha. Fanfari inapiga, anatoa feza nyingi mbele ya watu wote, kisha anaomba kusema maneno mawili. Je, tumfukuze? Hapana. Nyumba ya Mungu haina mlango wa wakubwa na mlango wa wadogo. Toleo lake lipokelewe kama toleo la mama muuza mihogo. Lakini asipewe mimbari, na mchungaji asiseme: «Ndugu, huyu ndiye wetu.» Siku hiyo mchungaji atakuwa ameuza kitu kisicho chake. Kura ya mama yule wa mihogo ni ya zamiri yake, na zamiri ni ya Mungu.

Na kama mgombea ni mwamini mwenzetu? Tumwombee. Tumuulize pia zaidi ya wengine, kwa sababu akiiba, atakuwa ameiba na jina la Kanisa mfukoni.

4. Basi tufanye nini?

Tulipe kodi, hata kama wengine hawalipi. Tuombee amani ya mji tunamokaa (Yeremia 29:7), na tuombee wakubwa, hata wale ambao hatukuwachagua. Tusibebe silaha, tusitukane. Tule kwa jasho letu, maana mwenye njaa ni rahisi kununuliwa. Lakini askari akimnyanganya mjane mbuzi, hakimu akiuza hukumu, tuseme, kwa upole na kwa jina letu. Tukiitwa kujibu, twende bila kujificha.

Upendo, Amri, Kazi: hayo matatu tunayasema kila siku. Anayependa mkubwa wake hamdanganyi. Anayeshika amri haibii Leta, wala haibi pamoja nayo. Anayefanya kazi hana lazima ya kuuza kura yake kwa kilo ya mchele.

Mtoto akituuliza tena, tumjibu: «Papa Simon Kimbangu alitii Leta katika mambo yote ya Leta. Jambo moja tu alilikatalia, kwa sababu halikuwa lake.»

Bwana atupe moyo huo. Amina.