Tuitike Haja Ipi?

Masomo: Marko 1:32–42, Matendo ya Mitume 16:6–15.



Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sharika zetu za mlimani alitujia baada ya ibada, akakaa barazani petu hata jua likakaribia kuchwa, asiseme neno lililomleta. Mwisho akatoa barua tatu mfukoni. Ya kwanza ilitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchi ya Kongo, kwa Wakristo wachache waliomwomba aje awafundishe watu wa ubatizo. Ya pili ilitoka Msumbiji, kusini ya mto Ruvuma. Huko walitaka mtu wa kuwalea watoto yatima na kuwafundisha kusoma. Ya tatu ilitoka kwa dada yake: baba yao hawezi tena kutembea, na migomba haina mtu wa kuipalilia. Akatuambia, "Baba Mchungaji, zote tatu ni haja za kweli. Nikiitika moja, mbili zalia nyuma yangu. Unionyeshe ipi ni ya Mungu, nami nitaziacha nyingine kwa moyo mweupe."

Jioni ile hatukuweza kumjibu. Tulisali pamoja naye, tukamsindikiza hata njia panda. Lakini kwa kuwa twajua kwamba wengine wenu mna barua kama zile, ama mfukoni ama moyoni, tumeona vema kuyaandika hapa yale tuliyoyafikiri tangu siku ile.

Mtu akiulizwa achague kati ya jema na baya, dhamiri yake yamjibu upesi, ijapokuwa mwili wakataa. Taabu yetu ni nyingine. Shetani akishindwa kumtia mtumishi katika dhambi, mara nyingi humpa mambo mema kumi ayafanye kwa siku moja.

Tazameni kwanza Bwana wetu alivyofanya huko Kapernaumu. Jioni mji wote ulikusanyika mlangoni, akaponya wengi. Bila shaka habari zilienea usiku ule ule, na watu wa mbali wakawabeba wagonjwa wao gizani wapate kuwahi. Alfajiri Bwana hayupo. Yuko mahali pasipo watu, anasali. Simoni na wenzake wakamtafuta, na walipompata wakamweleza kwamba watu wote wanamtaka. Maneno yale ni ya kweli, tena yana lawama kidogo ndani yake, kama mtu amwambiaye mganga: Wagonjwa wamejaa barazani, nawe umekaa mwituni? Bwana hakukana kwamba haja ipo. Hakusema kwamba maradhi si kitu. Alijibu kwamba iko miji mingine ambayo haijasikia bado, naye ametumwa kwa ajili ya hiyo pia. Akaondoka.

Twakiri kwamba neno hili lilitukwaza tulipokuwa wanafunzi katika seminari. Tulimwuliza mwalimu wetu, "Na yule mama aliyembeba mwanawe usiku kucha, akafika asubuhi asimkute Bwana?" Mwalimu wetu alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba Maandiko hayatuambii habari zake. Hata leo hatujapata jibu lililo bora kuliko hilo. Atakaye kutumika na asimwache hata mtu mmoja akilia, huyo ataka kumpita Bwana wake.

Lakini angalieni sura ile ile inavyoendelea. Katika safari hiyo mwenye ukoma alikuja akampigia magoti, naye Bwana, aliyekwisha kuuacha mji mzima, hakumwambia kwamba ana safari. Alimgusa, akamtakasa. Basi iko haja tuliyotumwa kuiendea, na iko haja iliyolala njiani petu. Ile ya kwanza yataka kupimwa kwa sala na mashauri. Ya pili haipimwi. Mtu akianguka mbele ya miguu yako, usiitishe baraza la wazee juu yake.

Na sasa tuseme kosa letu wenyewe, maana si haki kuwafundisha wengine huku tukificha la kwetu. Miaka mingi iliyopita tulitumwa ng'ambo ya Ziwa, tukae huko miaka miwili, na kazi yetu ilikuwa moja: kuwalea walimu na kuwafundisha watu wa ubatizo. Tulipofika, haja zilituzunguka kama nyuki. Paa la kanisa lilivuja. Watoto hawakuwa na kalamu. Wagonjwa walichukuliwa kwa machela mwendo wa siku nzima. Kila aliyekuja kutueleza shida yake alikuwa na machozi ya kweli. Tukaandika barua kwa rafiki zetu, tukapata mabati, tukasafiri kuyapokea, tukasimama juu ya mafundi, tukatafuta dawa na vitabu. Watu wakatusifu, na sifa zile zilitulevya kuliko pombe.

Mwisho wa mwaka wa kwanza tuliwaita watu wa ubatizo, tukawauliza maswali ya Katekisimo. Nyimbo walizijua, hata majina ya rafiki zetu waliotoa mabati waliyajua. Lakini kwa nini Kristo alikufa hawakuweza kutueleza. Mzee mmoja katika wao alituambia pasipo hasira, "Baba, kila jioni tulikuja, tukakaa nje. Tuliona taa yako inawaka, unaandika barua. Tukasema, Mchungaji ana kazi, tukarudi makwetu." Paa lile, twasikia, lipo hata leo wala halivuji. Mzee yule alishikwa na homa mvua zilizofuata. Tulimbatiza kitandani pake, tukimfundisha kwa haraka, katika siku nne, yale ambayo angaliweza kuyaonja polepole mwaka mzima.

Hatusemi kwamba mabati ni kitu cha mwili, na mafundisho ni kitu cha roho, basi mabati yadharauliwe. Mitume hawakusema hivyo katika sura ya sita ya Matendo. Wajane wa Kiyunani waliposahauliwa katika chakula cha kila siku, Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba waliojaa Roho, wakawawekea mikono kwa kazi ya meza. Haja ile ilipata watu wake. Nasi kosa letu lilikuwa hili, kwamba hatukumtafuta mtu wa mabati. Walikuwako kule mafundi, walikuwako wazee wenye akili kutuzidi katika mambo ya ujenzi. Lakini tulipenda kuonekana mahali pote.

Sasa mwangalieni Paulo. Yeye na Sila na Timotheo walitaka kulihubiri Neno katika Asia, nayo ni haja njema. Roho Mtakatifu akawazuia. Wakajaribu kwenda Bithinia; wakazuiwa tena. Wakashuka hata Troa, ufukoni, wasijue waendako. Huko Paulo aliona usiku mtu wa Makedonia akiomba msaada. Maono yalikuwa ya mtu mmoja, lakini hakuondoka peke yake kama mtu aliyeota ndoto. Tangu mstari wa kumi Luka aanza kuandika kwa "sisi", nao pamoja wakapima, wakaona kwamba ni Mungu awaitaye. Enyi vijana mnaotuambia kwamba mmeitwa ng'ambo, lakini wazee wa usharika hawajui habari hizo, wala mama zenu hawajui, someni mstari huo.

Na zile nchi zilizoachwa je? Paulo alipofika Filipi, mtu wa kwanza ambaye Bwana alimfungua moyo pale mtoni alikuwa Lidia, mwenye kuuza nguo za rangi ya zambarau, naye kwao ni Thiatira, mji wa Asia ile ile aliyokatazwa. Baadaye Paulo alikaa miaka miwili Efeso, na habari zikaenea katika Asia yote. Nayo Bithinia, ambayo hatusomi kwamba Paulo aliingia kamwe, twaikuta katika mstari wa kwanza wa Waraka wa Kwanza wa Petro, kati ya nchi zenye waamini. Ni nani aliyewapelekea Neno? Jina lake hatulijui.

Katika nchi zetu hizi tunao mfano wa jambo hili. Johann Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg katika Ujerumani, alifanya kazi katika Uhabeshi tangu miaka ya 1830, na moyo wake wote ulikuwa kwa Waoromo. Mwaka 1842 aliondoka Shoa, na alipotaka kurudi njia ilikuwa imefungwa. Akazunguka kwa bahari, akafika Unguja mwaka 1844, akapewa barua na Sayyid Said, akakaa Mombasa, akiwaza kuwafikia Waoromo kwa upande wa kusini. Mwezi wa Julai mwaka ule alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Kwa Waoromo hakupata kuweka kituo alichokitamani. Lakini alipokuwa akingoja mlango ule, alijifunza Kiswahili, akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka ule ule. Na kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Alichokiona kuwa ni kazi ya kungojea ndicho tukilacho matunda yake leo.

Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa na moyo mwingine. Alifika mwaka 1846, wakajenga pamoja Rabai. Mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na wataalamu wa Ulaya wakambishia. Krapf aliwaza mfululizo wa vituo kukata Afrika kutoka bahari hata bahari, naye Rebmann alipenda kuketi mahali pamoja na kuijua lugha ya watu hata mizizi. Mtu wao wa kwanza kuamini alikuwa Mringe, kilema, ambaye hakuna mtu angalimhesabu kuwa haja kubwa ya nchi. Krapf alirudi kwao mwaka 1853, lakini Rebmann alibaki Rabai hata mwaka 1875, macho yake yakapofuka, na waamini aliowaacha walikuwa wachache mno. Je, alichagua vibaya? Tumesikia wakisema hivyo watu wapendao hesabu. Sisi hatuthubutu. Wala hatusemi kwamba Krapf alikosa kwa kutazama mbali. Kila mmoja alipimwa kwa kipawa chake, na penye kugombana kwao twaona kwamba mmoja alitaka mwenzake aitike haja iliyokuwa yake yeye.

Tena wazee wetu waliona vita viwili vikiwaondoa wamisionari wa Kijerumani katika nchi hii. Katika vita vya 1939–1945, ndugu wa Augustana kutoka Marekani walikuwa na kazi yao wenyewe huko Iramba na Turu, nao ni wachache. Mara sharika zilizoachwa, za kaskazini na za kusini, zikawa mikononi mwao. Wasingaliweza kuketi katika kila kituo. Wachungaji na walimu wenyeji ndio walioshika kazi ya kila siku, kufundisha, kuzika, kufariji, kukusanya sadaka. Mahali pengine mgeni hutumika vema zaidi kwa kusimama kando kuliko kwa kuingia.

Basi tulimwita tena mwalimu yule, pamoja na wazee watatu wa usharika wake. Hatukuanza kwa kumwuliza ni haja ipi inayomliza, maana tulijua zote zamliza. Tulimwuliza: Kazi ipi kati ya hizi ina mtu mwingine wa kuifanya, ila hajaombwa? Nani atabaki akiishika, siku utakapoondoka? Mikono yako imezoea nini? Hapo mzee mmoja akasema kwamba yuko mjane katika usharika wa jirani, amelea yatima miaka mingi, naye ni mwalimu wa shule aliyestaafu. Hajapata kuandikiwa barua na mtu ye yote. Tulimpelekea ile ya Msumbiji. Akaisoma mara mbili, akauliza safari ni siku ngapi.

Habari za baba yake zilikuwa ngumu zaidi. Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo waliowanyima wazazi haki yao kwa kusema kwamba mali imewekwa wakfu kwa Mungu (Marko 7), na mtu aendaye ng'ambo kuhubiri huku baba yake analala njaa amebeba Injili iliyotoboka. Tulimwambia wazi kwamba hataondoka hata jambo hili litengenezwe. Wazee wakapanga zamu za shamba. Dada yake hajakubali. Asema zamu za namna hii huanza kwa nyimbo na kwisha kabla ya palizi ya pili. Twaona ana haki ya kusema hivyo, maana ameziona.

Kwa hiyo barua ya Kongo ingali mezani petu. Tumewaandikia wale ndugu kwamba wasubiri hata mavuno ya kahawa yapite, tuone kama zamu zitashikwa; na mwalimu amekubali kungoja. Kila jioni aketi na baba yake, amsomea Katekisimo, maana katika mashauri yetu iligunduliwa kwamba mzee huyu, aliyemlea mwalimu wa Kanisa, hajabatizwa bado.

Mwombeeni, na dada yake pia.